Zinatoka Pamoja

Damaris, muuguzi wa zahanati moja ya Kehancha, alikuwa Homa Bay tangu asubuhi akimtazama fundi wa kompyuta. Fundi alikuwa ameandika programu ya kukumbusha tarehe za chanjo, na aliigawa bure pamoja na msimbo wake, anayetaka aibadilishe. Kila toleo aliliunda mara tatu: la Windows, la Linux, na la DOS kwa mashine kuukuu kama ya Damaris. Kabla ya kubonyeza kitufe alifuta vidole kwenye shati, kisha akafumba macho akiisikiliza diski ikikwaruza, kama anayesikia mvua ikija kutoka ziwani. La DOS lilikwama tena.

“Omera, ndugu, diski yangu ya Windows si iko tayari?” aliuliza karani wa hospitali aliyekuwa akisubiri naye. “Hiyo DOS wachana nayo, ni maiti.”

Damaris aliinama. Bila diski ya DOS, watoto wa kwao wangezidi kupitwa na chanjo.

“Zinatoka pamoja,” fundi alisema polepole, akazitia mfukoni zile diski mbili zilizokamilika. “Keti, ndugu yangu.”

Karani alinuna, akavuta kiti. Jioni, skrini nyeusi ya DOS ilipoleta jina la mtoto wa kwanza, yeye ndiye aliyeanza kupiga makofi.