Hatua ya Tisa

Wanafunzi walimwita Mama Rudia, na hata mlinzi wa getini alimwita hivyohivyo, naye aliitika bila kinyongo. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha wauguzi wanafunzi kazi za mikono: kubadilisha shuka mgonjwa akiwa bado kitandani, kuchoma sindano, kuosha kidonda, kupitisha mpira wa chakula puani hadi tumboni. Ukikosea hagombi. Atakuambia tu, "Rudia, mwanangu," nawe utarudia mpaka mgongo ukuume.

Chumba chake cha mazoezi kilikuwa na vitanda vinne, sinki lenye bomba linalovuja, na mdoli mmoja wa mpira mwenye ukubwa wa mtu mzima. Wanafunzi walimpa jina la Babu. Babu alikuwa amechoka kwelikweli. Tundu za pua yake zilipanuka kwa mipira ya miaka kumi na moja, na tumboni mwake mlijaa sifongo tupu.

"Babu, shikamoo, naomba pua yako kidogo," mmoja angesema, na darasa zima lingeangua kicheko.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana ndipo penye jambo lenyewe. Mpira ukishaingia, lazima uhakikishe uko tumboni, haukupotea njia ukaenda kwenye pafu. Unachukua stethoskopu, unaiweka juu ya tumbo, unasukuma hewa kidogo kwa bomba la sindano, na unasikiliza. Hewa ikiguruma, ni ishara njema. Kisha unavuta maji ya tumboni na kuyapima kwa karatasi inayobadilika rangi. Karatasi hizo ziliisha chuoni zamani, zikaombwa, hazikuja. Na sifongo la Babu haliwezi kuguruma.

Lakini karatasi ya mtihani ilikuwa na hatua ya tisa, ndiyo hii ya kuhakikisha, na hatua ya tisa ilitaka alama. Basi Mama Rudia akawa anawaambia, "Hapa semeni 'nimesikia,' tusonge mbele." Nao wakasema. Miaka kumi na moja, darasa baada ya darasa, nimesikia, nimesikia, kama mtu anavyoitikia salamu huku anapita zake.

Mwaka ule alikuwapo msichana mmoja waliyemwita Profesa, mtoto wa fundi cherehani. Mikono yake ilikuwa myepesi, na hatua zote kumi na nne alizijua kichwani. Mama Rudia alimpenda waziwazi.

"Mwalimu, huyu umemzaa wewe?" wenzake walimtania.

"Ningemzaa mimi angekuwa mvivu," alijibu.

Wiki ya tatu ya mazoezi ya wodini, Profesa alipewa mzee mmoja mgonjwa wa kiharusi, asiyeweza kumeza. Asubuhi moja, muuguzi wa wodi akiwa amesimama kwenye kitanda cha pili anahangaika na mgonjwa mwingine, Profesa akapitisha mpira. Mzee hakukohoa, kwa sababu kiharusi kilikuwa kimemlegeza koo. Profesa akasukuma hewa, akaweka stethoskopu, akasema kwa sauti safi, "Nimesikia." Muuguzi akaitika, "Haya, mpe maziwa." Akampa.

Maziwa yaliingia pafuni. Mzee alihangaika siku mbili, binti yake akimfuta jasho, na siku ya tatu alifariki.

Chuo kikaitisha kikao. Habari ilikwisha kuzagaa kwamba Profesa atafukuzwa, na kwamba hakuna chuo kingine kitakachompokea. Mama Rudia naye aliitwa atoe maelezo. Alilopaswa kusema lilikuwa jepesi: nilifundisha kwa mujibu wa karatasi, mwanafunzi alifaulu, sahihi yangu hii hapa. Mkuu wa chuo mwenyewe alimvuta pembeni akamkumbusha hivyo.

Nyumbani aliishi na mdogo wake wa kike. Siku moja kabla ya kikao walikuwa jikoni wanachambua mchele.

"Dada, wewe hukuwapo wodini," mdogo wake alisema.

"Nilikuwapo. Nilikuwa mdomoni mwa Profesa."

"Usianze. Ukisema hayo watakuondoa. Na yule mzee atafufuka?"

"Hafufuki."

"Sasa?"

Mama Rudia aliendelea kutoa mawe, akayaweka kwenye kisahani moja moja.

Kikaoni walikaa watu watano na jagi la maji ambalo hakuna aliyeligusa. Profesa alikaa mwisho wa meza, sare imepigwa pasi, macho yamevimba. Mkuu akauliza, "Mwalimu, huyu alifundishwa kuhakikisha mpira?"

"Alifundishwa kusema amehakikisha."

"Fafanua."

Akafafanua. Babu, sifongo, karatasi zilizoisha, neno moja la miaka kumi na moja. Hakulia wala hakujitetea. Alisema, "Niliuzoesha ulimi wake kutangulia masikio. Kama mnamfukuza, mnifukuze mimi kwanza, maana alifanya nilichomfundisha na alikifanya vizuri."

Matroni wa hospitali alishusha kalamu. Mkuu alikunja uso akasema, "Ungeweza kunyamaza, mama."

"Nilinyamaza miaka yote hiyo."

Uamuzi ulitoka siku ya nne baada ya kikao. Profesa hatafukuzwa, atarudia mwaka. Mama Rudia anaondolewa kwenye ualimu, anapelekwa idara ya kuosha na kuchemsha vifaa. Familia ya marehemu ikaandikiwa barua ya ukurasa mmoja ambayo hatua ya tisa haimo.

Mchana uleule Mama Rudia alikwenda bwenini kumpa Profesa habari njema, kwa maana kwake ilikuwa njema. Alimkuta anafunga begi.

"Umeruhusiwa kubaki, mwanangu. Hujasikia?"

"Nimeambiwa."

"Sasa unakwenda wapi?"

Profesa alikaa juu ya kitanda kisicho na shuka. "Mwalimu, uliwaambia ulimi ulitangulia. Si kweli. Nilitega sikio. Palikuwa kimya kabisa. Nikaona muuguzi ananisubiri, nikasema. Nilijua sijasikia kitu."

Mama Rudia aliingia ndani, akafunga mlango.

"Mbona hukusema kikaoni?"

"Ulishasema wewe. Ulisema vizuri mno, nikashindwa kukukatiza." Akajifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Siwezi kumgusa mgonjwa tena. Nilijaribu jana kumshika mkono bibi mmoja tu, nikauachia nikatoka wodini."

Begi lilikuwa zito, na mshikio mmoja ulikuwa umekatika. Mama Rudia alishika upande mmoja, Profesa akashika mwingine, wakashuka ngazi na kupita madarasa wanafunzi wakiwachungulia madirishani. Getini walilitua chini. Profesa alipiga goti kumuaga kama kawaida, kisha akalibeba begi peke yake kwa mikono miwili, kifuani, akavuka barabara.