Sahani Hairudishwi Tupu

Cheka ukitaka. Hata mimi ningecheka kama haya yangempata jirani. Lakini mama yangu yu hai na anakula, nenda kamuulize.

Mimi hukusanya sahani kuukuu za Kiingereza, zile nyeupe zenye picha za buluu: madaraja, miti, ng'ombe wanene wa kwao. Hapa Gatongora wananiita Mama Sahani. Nilikuwa nazitundika ukutani, na ole wako uzipakulie wali! Niliyoipenda kuliko zote niliipata Makongeni kwa muuza vyombo vikuukuu. Ilikuwa na picha ya daraja, na pengo dogo ukingoni.

Wakati huo mama alikuwa mgonjwa kwangu, chumba cha nyuma, na alikataa chakula. Daktari hakuona ugonjwa. Mama aligeukia ukuta tu, mwili unaisha, nami nalia jikoni.

Jioni moja ajuza alisimama mlangoni, shuka begani, miguu mitupu. Mvua ilikuwa inanyesha, lakini niamini, alikuwa mkavu kabisa. Nilimkaribisha chai. Yeye alitazama ukutani.

"Hiyo ya daraja ni yangu," akasema. "Memsahib alinipatia nikimpikia huko kwa shamba la kahawa, Ruiru. Nikapelekea jirani chakula nayo, haikurudi."

"Lakini shosho, hiyo nilinunua."

"Sijakataa. Lakini sahani hairudishwi tupu. Hukufunzwa kwenu?"

Nilifunzwa. Nani hajafunzwa? Roho iliniuma, sikufichi, lakini niliishusha, nikapakua mukimo wa viazi na mahindi, nikampa kwa mikono miwili. Akaenda. Nilipochungulia nje, matope yalikuwa laini, hayana alama hata moja ya mguu.

Asubuhi sahani ilikuwa kizingitini. Ndani yake viazi vitamu, vinatoka mvuke. Mama alisikia harufu kutoka chumbani, akaketi mwenyewe. Alikula kimoja, akala cha pili, kisha kidole chake kikafika kwenye lile pengo.

"Hapa ni mimi nilivunja nikiwa mdogo," akasema. "Maitu alinichapa. Umeitoa wapi?"

Huyo maitu, mama yake, alizikwa kabla sijazaliwa. Nilipiga magoti pale pale kando ya kitanda, sijui naomba au nashukuru.

Siku hizi mama hali kwenye sahani nyingine. Nami ukuta wangu umebaki misumari mitupu, sahani zote ziko mezani na zinapakuliwa. Wewe unayetundika vyombo vya watu, sikia: ajuza mkavu akija kwako mvua ikinyesha, mpakulie. Usithubutu kumwonyesha risiti.