Bahasha Ina Jina Langu

Jumanne, asubuhi ya mawingu. Manyunyu yamekatika baada ya alfajiri. Mniwie radhi, ndivyo nilivyozoea kuanza katika shajara yangu, na leo nimeshindwa kuanza vyengine. Admini, nifichie jina.

Nina miaka thelathini na moja, nimeolewa, sijajaaliwa mtoto. Naishi Mpendae na mama mkwe. Mume wangu anafanya kazi hotelini Bwejuu, hurudi mwisho wa wiki. Mama mkwe ni mtu wa watu. Ana bati la biskuti anamoweka dawa zote zinazobaki humu ndani, na jirani akiumwa hugonga kwetu. Kwake kutupa dawa ni israfu, kumpa mgonjwa ni sadaka.

Hivi karibuni nilishikwa na mafua, yakapoa, kisha yakarudi kwa ukali pamoja na homa. Uso uliniuma chini ya macho, na nikisujudu nahisi kichwa kinapasuka. Nikaenda kwa daktari mjini, akasema ni sainasi. Alinieleza kwamba mafua mengi huondoka yenyewe bila antibayotiki, ila yangu yameshaingia bakteria. Kabla ya kuandika dawa aliniuliza, akarudia kuniuliza, kama ipo iliyowahi kunivimbisha au kunibana pumzi. Akanisisitizia nizinywe kama alivyoandika, nisikatize kwa kujiona nafuu, na nisimgawie mtu.

Nilipoanza kupata nafuu, nikaikosa bahasha ya vidonge kabatini. Nikamuuliza mama mkwe. Alikuwa anakuna nazi, hata hakugeuka.

"Nimempa Bi Rukia, jino halimpi usingizi. Wewe ushapona, mwanangu, vya nini kuviozesha?"

Nikamwambia sijamaliza, na daktari amenikataza kugawa. Akacheka, akasema daktari huyo kwao hawajui kupakuliana, na mimi nshaanza kumfuata.

Bi Rukia ni jirani yetu wa ukuta mmoja, anaishi na mke mwenzake, Asha. Jioni ile alimeza kidonge, na Asha akampelekea uji kwa kuwa hawezi kutafuna. Haukupita muda midomo ikavimba, macho yakafumba, mwili mzima mapele, pumzi inatoka kwa mluzi. Akakimbizwa hospitali. Alhamdulillahi yu hai. Lakini mtaani limeshaenea neno kwamba Asha kamtilia kitu kwenye uji. Mume wao hakutaka kusikia lolote. Asha karudishwa kwao Makunduchi na nguo zake kwenye shuka, na inasemwa talaka inamfuata huko.

Tulipokwenda kumtazama Bi Rukia, alituambia madaktari wamemuuliza kama alikunywa dawa yoyote, naye kawajibu hakunywa. Kile cha jino yeye hakukihesabu kuwa ni dawa. Na vilivyobaki kaviacha chini ya mto, akirudi atavimalizia, maana jino bado linamsumbua. Nikafungua mdomo. Mama mkwe akanibana paja.

Tulipotoka nje nilimwambia, "Mama, vile vidonge ndivyo vilivyomvimbisha."

"Wewe umekunywa hivyo hivyo, umevimba wapi?"

Nikamweleza kwamba dawa isiyomdhuru huyu inaweza kumuua yule, na ndiyo maana daktari aliniuliza kwanza. Akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Basi kaseme. Lakini ile bahasha ina jina lako, si langu."

Hatujazungumza tangu hapo. Uso umeanza kuniuma tena na nnaogopa kurudi kwa daktari, maana ataniuliza vidonge vimekwenda wapi. Mume wangu hajui kitu. Mama yake ndiye aliyemlea peke yake, na akilazimika kumwamini mmoja wetu najua atakuwa nani. Namfikiria Asha, ambaye kosa lake ni kupika uji. Usiku niliandika ukurasa mzima shajarani, nikauchana. Usingizi ulinichukua saa kumi.

Bi Rukia anatolewa leo baada ya adhuhuri. Hapa ninapoandika namsikia mume wake ng'ambo ya ukuta akikung'uta godoro na kumtandikia. Mto ni ule ule. Ndugu zangu mnaosoma, msinitukane, nishikeni mkono tu: nimwambie nani kwanza, na nimwambieje, kabla hajakilaza kichwa chake pale?