Kaburi Alilolichimba Viktori

Saa mbili asubuhi, Viktori Nsengiyumva yuko mita tisa chini ya ardhi ya Ulyankulu. Sururu yake inagonga kitu kigumu.

"Mungu wangu, isiwe tena!" anapiga kelele. Huko juu, mkewe Jeska anaachia ndoo. Kumbe ni jiwe tu. Wanacheka, na Jeska anaiokota ndoo.

Viktori (58) ameshachimba visima sitini na tatu maishani mwake na hakuwahi kuogopa shimo. Yaliyomkuta Machi ndiyo yamemvunja nguvu.

Siku moja mwezi huo, katika kisima cha jirani, alikuta mbavu ndogo zimeganda ndani ya jiwe, nyembamba, zimejipanga. Mtoto! Njia ya misafara ya kale ya watumwa ilipita huku, na nani asiyejua jinsi watu walivyoanguka njiani wakaachwa?

"Nilishindwa hata kupanda kamba," anasema. "Nikamwambia Jeska, huyu hatumwachi."

Kijiji kizima kikaja. Viktori akachimba kaburi, jiwe likavishwa sanda likazikwa, Katekista Kasimiri akasali, msalaba ukasimikwa.

Wiki iliyopita akafika Getruda Masele, mtaalamu wa mifupa ya kale aliyeonyeshwa picha za mbavu zile. Akapekua kifusi cha kisima kile, akaokota kipande cha taya chenye meno, akakaa chini.

"Shikamoo mzee, unisamehe," akasema. "Huyu si mtoto wa mtu. Ni mnyama, ndugu wa mbali wa wanyama wanaonyonyesha. Alitoweka zaidi ya miaka milioni mia mbili iliyopita, binadamu hata hajakuwepo."

Makubwa! Watu walicheka mpaka wakashika mbavu zao. Kasimiri hataki kuulizwa mpaka leo.

"Mimi wananiita padri wa fisi," anasema Viktori. Yeye hakucheka. Getruda alipoomba kaburi lifukuliwe, alikataa mara mbili.

"Mwaka 1972 tunakimbia Burundi, nina miaka mitano," anaeleza. "Mdogo wangu alifia mgongoni mwa mama. Risasi ziko nyuma yetu. Tukamlaza kichakani, tukaondoka. Hatukumzika! Mama alikufa akimlilia. Nilipozika lile jiwe, moyoni nilikuwa namzika yeye."

Jana amekubali, kwa sharti lake.

"Jumamosi wamchukue mnyama wao. Lakini shimo nitalifukia mwenyewe, na msalaba haung'oki. Seremala anachonga jina."

Jina gani?

"La mdogo wangu, Uwimana," anasema, kisha anashika kamba na kurudi shimoni.