Mutanu na Tangazo la Jumatatu

Nina duka la kupiga chapa na kutoa kopi Mji wa Kale, chini ya nyumba aliyotuachia marehemu baba. Kadi za harusi, barua za kuombea kazi, fomu za serikali za mtandaoni, zote twafanya. Lakini linalolijulisha duka langu ni tanzia. Mtu akifa mtaani, kabla sanda haijakatwa, mmoja wa jamaa huja kwangu na karatasi: marehemu ni fulani, baba wa fulani, atasaliwa msikiti fulani baada ya sala fulani. Sisi twaipiga, twaizungushia mstari mweusi, kisha twairusha kwenye makundi ya simu. Robo saa haipiti, Mombasa yote ishajua, na Malindi, na Lamu, na jamaa walioko Uarabuni.

Kwetu maiti hakai. Amekufa alfajiri, adhuhuri yuko kaburini. Sala ikiandikwa sivyo, hakuna kesho ya kurekebisha. Ndiyo maana niliweka sheria, nayo nilijivunia kuliko mashine zangu: tangazo halitoki mpaka aliyelileta alisome kwa macho yake mwenyewe na aseme sawa. Akishasema sawa, lawama si yangu.

Mutanu aliingia dukani mwaka juzi. Ni Mkamba, lakini Mkamba wa Tononoka. Babake, Kyalo, ni mtu wa reli, na binti kazaliwa papa hapa kisiwani. Kiswahili chake chawashinda wanangu. Anasomea umeme chuoni, kule upande wa Buxton. Saa moja asubuhi anafungua duka, saa tatu na nusu anakimbilia darasani, saa kumi anarudi kwangu hadi tufunge. Ijumaa mpaka Jumapili anabeba sinia za biriani kwenye kumbi za harusi. Nikamuuliza siku moja analala saa ngapi. Akacheka, akasema, "Nalala nimesimama, Bi Raihana."

Nami nikacheka, nikidhani ni mzaha. Baadaye nikamkuta ameegemea mashine, macho yamefumba, kopi zinatoka moja moja, mia na arobaini za cheti cha kuzaliwa cha mtu mmoja. Nilimkaripia mpaka majirani wakatoka milangoni. Mimi nina mdomo, sijifichi. Sikumuuliza amekula nini wala amelala wapi.

Wiki ninayoisimulia ilikuwa ya mitihani yake. Jumapili alikuwa amehudumia harusi mbili, kisha akasoma mpaka adhana ya alfajiri. Jumatatu alikuja na macho mekundu kama aliyekata gunia zima la vitunguu.

"Bi Raihana, naomba leo niende mapema. Nikalale hata saa moja kabla ya mtihani."

"Usingizi hauna mwisho, mwanangu," nikamwambia. "Kaa hapo mpaka saa tatu, mimi napanda juu kunywa chai."

Nikapanda. Kulikuwa na mahamri na mbaazi za nazi, na dadangu alikuwa na habari ndefu. Nilikaa kitako kama bibi harusi.

Nikiwa huko juu ndipo alipokuja Chirau. Ni Mdigo wa Kwale, fundi mwashi, ndiye anayezitia chokaa nyumba zetu hizi za mawe zisituangukie. Miaka kumi na tisa iliyopita alimuoa binti ya Mzee Sheikhan, jirani yetu wa mtaa wa pili. Nyumba ile ni ya watu wanaozijua nasaba zao mpaka babu wa saba, na Chirau, pamoja na watoto wanne aliowazaa, kwao alibaki kuwa "yule fundi". Alfajiri hiyo Mzee Sheikhan alifariki. Vijana wa nyumba wakatawanyika, huyu sanda, huyu kaburi, huyu msikiti, na mkwe, kwa mara ya kwanza tangu aoe, akakabidhiwa jambo la maana. Akaambiwa apeleke tangazo. Alikuja dukani kwangu na kanzu yake ya Idi na viatu vya ngozi.

Karatasi aliyopewa iliandikwa Adhuhuri. Mutanu akapiga Alasiri. Akamwonyesha kwenye kioo cha kompyuta, Chirau akasema sawa, na tangazo likatoka.

Mzee Sheikhan alikuwa na nduguye mmoja tu aliyebaki, wa baba mmoja mama mmoja, Mzee Bwanaheri wa Malindi. Alipigiwa simu alfajiri akapewa habari ya msiba. Saa ya maziko, akaambiwa, ataiona kwenye tangazo. Alipoona Alasiri, akawasubiri wanawe wafunge maduka yao, wakaondoka saa tano. Kosa likajulikana saa sita, watu wakijiandaa kwenda msikitini. Walipompigia alikuwa bado Kilifi. Jeneza lilimsubiri nusu saa juani, kisha wakasema maiti haadhibiwi, wakaenda kuzika. Mzee wa miaka themanini na moja akafika makaburini watu wakikung'uta mchanga kwenye kanzu zao. Alisimama pale akauliza swali moja.

"Nani kaandika Alasiri?"

Wakamwambia tangazo alipeleka Chirau. Na Chirau hakukana. Alisema, "Kosa ni langu, baba," akanyoosha mkono wa kumpa pole. Mzee Bwanaheri hakuupokea.

Matanga ya kwetu ni siku tatu, na watu waliokaa kitako siku tatu lazima wapate la kutafuna. Wakamtafuna Chirau. Mashemeji walisema karatasi waliiandika sawa, yeye ndiye aliyetaja sala nyingine dukani, na ndiyo mshahara wa kumpa mtu wa chokaa kazi ya kalamu. Kila asubuhi alimwendea mzee na kumnyooshea mkono, na kila asubuhi mzee alishughulika na tasbihi yake. Mkewe, niliambiwa, hata kula naye alikuwa hataki. Mimi nilisema "masikini," nikaendelea kufagia mlango wangu. Sheria ilifuatwa.

Mutanu wiki hiyo alinyamaa. Jumatatu mchana alifanya mtihani, hajui aliandika nini. Jumanne asubuhi alisinzia kwenye karakana ya chuo, ameshika waya ambao kwa bahati haukuwa na moto, na mwalimu akamtoa nje mbele ya wenzake. Jioni akaja dukani, akafagia, akafagia tena palipokwisha kufagiliwa. Nikataka kumkaripia. Ndipo akafungua mkoba akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Adhuhuri, Bi Raihana. Iliandikwa Adhuhuri. Mimi ndiye niliyepiga Alasiri. Vidole vilikuwa vyaandika na mimi nimelala."

"Umejua lini?"

"Jumatatu hiyo hiyo, nilipopigiwa simu kutoka msibani kuulizwa. Nikasema niliandika nilivyoambiwa. Karatasi ilikuwa ndani ya daftari langu."

"Na mtu yuwaliwa nyama matangani, weye umenyamaza?"

Akaanza kulia, kilio kile cha mtu aliyechoka hata kulia. Alisema aliogopa nitamfukuza, na ada ya muhula hajaimaliza kulipa. Alisema amepita nje ya nyumba ya msiba mara tatu akitaka kuingia, na mara zote tatu miguu imemrudisha. Alisema anajionea haya hata kujitazama kwenye kioo.

Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia Chirau. Kusema kweli nilihurumia duka. Nilijiona nikisemwa vibarazani, nikaona wateja wakipeleka tanzia zao kwengine. Nikamwambia Mutanu kwamba kesho, baada ya kisomo cha hitima, tutakwenda pamoja na ataungama mbele ya watu. Alikuwa na mtihani saa nane. Akasema ataandika anachoweza katika saa ya kwanza, kisha atoke.

Akatoka kweli, mtihani nusu. Nikamfunga leso yangu kichwani, tukaenda. Njiani akanishika mkono.

"Bi Raihana, niache niseme mimi peke yangu. Nitasema nilikosea, basi. Tafadhali usiitaje sheria ya duka."

"Kwa nini nisiitaje?"

"Niahidi tu."

Nikasema haya, kama unavyomwambia mtoto haya. Nilidhani anaogopa nitamgawia lawama mtu mwengine, na yeye aonekane anakwepa kosa lake.

Hitima ilikuwa imekwisha. Wanaume walikuwa wameketi kwenye daka, lile baraza la mawe la mlangoni, wanakunywa kahawa, na juzuu zinakusanywa. Chirau alikuwa miongoni mwao, pembeni kabisa. Nilikuwa nimeisikia sauti yake tangu kichochoroni akimalizia juzuu yake. Hakuna mtu mtaani petu anayesoma Kurani kwa utulivu kama ule. Tukasimama chini, mbele ya Mzee Bwanaheri.

"Shikamoo, babu," Mutanu akasema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Una haja gani?"

"Karatasi hii ndiyo aliyoileta Bwana Chirau dukani. Tafadhali isome. Yeye hakukosea. Niliyekosea ni mimi. Sikuwa nimelala, lakini hiyo si hoja. Nilikuzuia usimzike ndugu yako, kisha nikanyamaza akalaumiwa mwengine. Nakuomba msamaha, na sitakulaumu usiponisamehe."

Mzee alivaa miwani, akaisoma ile karatasi, akaisoma tena. Kisha akaivua miwani na kumgeukia Chirau, na ule mkono uliokuwa na tasbihi siku tatu nikauona unahama kutoka pajani, unanyanyuka kumwendea.

Hapo ndipo nilipostahili kunyamaza. Mtu yeyote mwenye akili angenyamaza. Lakini mashemeji walikuwa wakinitazama, na katika macho yao nililiona duka langu linafungwa.

"Na mujue, Mzee," nikasema, "sisi hatutoi matangazo ovyo. Tuna sheria. Bwana Chirau mwenyewe alionyeshwa, akalisoma kwa macho yake, akasema sawa, ndipo likatoka."

Mutanu alifumba macho.

Mkono wa mzee ukasimama hewani. "Kumbe ulilisoma?"

Chirau alikuwa ametazama viatu vyake.

"Ulisoma Alasiri ukasema sawa? Hali wajua ni Adhuhuri?"

"Sikulisoma, baba."

"Mbona ukasema sawa?"

Barabarani tuktuk ilipita ikipiga honi, na sote tukaingoja ipite kana kwamba ndiyo iliyoulizwa.

"Sijui kusoma," akasema. "Msahafu nausoma. Herufi hizi za skuli sikufunzwa."

Shemeji mmoja alikohoa ndani ya kikombe chake, na kila mtu alijua si kikohozi. Mlangoni, nyuma ya pazia, alikuwa amesimama binti ya Chirau wa kidato cha tatu, ameshika dele la kahawa. Kila muhula msichana yule humpelekea babake ripoti, na babake huishika, huitazama juu mpaka chini, kisha humwambia ajitahidi zaidi. Aliliweka dele sakafuni, polepole, akarudi ndani.

Mzee Bwanaheri alimpa Chirau mkono. Siwezi kusema hakumpa. Alimpa kama watu wanavyompa mkono mgonjwa, kwa vidole tu, na kwa huruma iliyonifanya nitazame pembeni. Mutanu naye alisamehewa, akaambiwa akalale.

Tuliondoka, tukakata kona ya kwanza.

"Ulikuwa wajua?" nikamuuliza.

"Alisema sawa kabla sijaigeuza kompyuta imwelekee," akasema. "Niliona haya kumuuliza. Nikalituma tangazo."

Mtoto yule, pamoja na usingizi wote uliokuwa machoni mwake, aliona jambo ambalo mimi sikuliona miaka kumi na tisa Chirau akipita mlangoni kwangu na ndoo ya chokaa. Na aliniomba kitu kimoja. Nilijua nimekosa, nikawa natafuta maneno ya kuanzia, ndipo tukasikia viatu nyuma yetu.

Alikuwa Chirau, anakuja mbio mbio na kanzu kaishika mkononi asiikanyage. Alimtazama Mutanu kwanza.

"Ahsante, mwanangu. Umesema kweli, Mungu akulipe."

Kisha akanigeukia mimi. Nilitegemea matusi, na wallahi ningeyashukuru.

"Bi Raihana," akasema, taratibu, kama mtu anayeeleza ukuta umeharibika wapi, "kosa lile nilikuwa nishalibeba. Wangelisema mpaka arobaini, kisha wangesahau. Mungeniwacha nalo."

Akatuaga kwa adabu, akarudi kukusanya vikombe.