Ua la Majani Mpakani mwa Shamba la Bibi

Leo nimeitwa mchawi kwa sababu ya majani makavu.

Mimi ni karani tu. Nilikwenda kijiji cha Kwaluguru kuandikisha wakulima. Nikimsubiri bibi mwenye shamba, nikapanga majani na mawe meupe mpakani, yakatoka kama ua lililochanua.

Bibi akafika na jembe.

"Shikamoo, bibi."

Hakuitikia. "Umezika nini shambani kwangu?"

"Ni urembo tu, bibi."

"Urembo kaweke kwenu. Mchawi wewe. Fukua."

Majirani wakanizunguka. Nikafukua kwa mikono. Udongo mtupu.

Bibi akaokota jiwe moja, akaligeuzageuza, akalifunga kwenye pindo la khanga.

"Hili zuri. Wewe usirudi."

Jina lake sijaliandika. Kesho lazima nirudi.

Nani atanisindikiza?