Mvua Iliyonyesha Ndani ya Chupa

Darasa la nne la shule ile lilikuwa chumba cha mwisho kwenye safu ya madarasa, jirani na bomba la maji, na mwalimu wake wa hesabu watoto walimpa jina la Bibi Mawingu. Walidhani hajui. Alijua sana, na wala halikumkera, maana ni kweli kila asubuhi alisimama mlangoni akainua kidevu na kukodolea macho anga, kama mtu aliyesahau kitu chake juu ya dari.

"Haya, mawingu yamefunika kiasi gani leo?"

"Robo, mwalimu!"

"Robo iko wapi, wewe? Ni nusu ya robo!"

"Na nusu ya robo haina jina lake?"

Hapo kelele zilipungua, vichwa vikainama, vidole vikahesabiwa chini ya madawati, mpaka mmoja akapata: "Moja ya nane!" Ndipo walipoingia ndani. Sehemu ya sehemu, ambayo katika madarasa mengine iliwatoa watoto jasho, kwake iliingia pamoja na hewa ya asubuhi.

Hakuanza hivyo. Kwa miaka mingi alifundisha kwa kitabu kama wenzake, na katika kitabu kile kulikuwa na bwana mmoja aliyenunua matikiti sabini, akagawa, akauza, mengine yakamwozea. Siku moja mtoto akauliza, kwa nia njema kabisa, "Mwalimu, huyu baba anayapeleka wapi matikiti yote hayo?" Mwalimu hakuwahi kujiuliza. Wiki hiyohiyo bomba la nje lilikuwa linadondosha, to, to, to, na darasa zima linasikiliza bomba kuliko linavyomsikiliza yeye. Basi akatoka, akaweka kikombe chini ya bomba, akasema, "Kikijaa mniambie." Siku ile walizidisha na kujumlisha mpaka kengele ikalia hakuna aliyeisikia, na walipogundua ni madumu mangapi yanapotea kwa mwezi, mtoto mmoja alishika kichwa kama mtu aliyeibiwa. Tangu hapo matikiti yalibaki kitabuni.

Mumewe alikuwa fundi bati. Karakana yake ilikuwa kibanda nyuma ya nyumba, na humo alikunja na kuchomelea ndoo, karai, vikombe na mifereji ya kukinga maji ya paa. Mikono migumu kama gogo, moyo laini kama siagi iliyosahauliwa juani. Ndiye aliyebadilisha mpira uliochakaa ndani ya lile bomba la shule bila kudai kitu, na ndiye aliyetengeneza kipimamvua cha darasa: chupa kubwa ya maji iliyokatwa shingo, shingo ikageuzwa kuwa faneli, ubavuni mistari ya milimita, na yote yakasimama juu ya kiti cha bati chenye miguu mitatu, pembeni mwa uwanja.

Vifuniko vya chupa za maji navyo havikutupwa. Kila mtoto alikuwa na chake, mfukoni au kwenye kamba shingoni. Kilikuwa cha kuhesabia na cha kupimia pia, maana walishakipima wenyewe wakakubaliana: kifuniko kimoja, mililita tano. Ukimkuta mtoto wa darasa la nne bila kifuniko, ujue anaumwa.

Aliyepewa kazi ya kusoma kipimamvua kila asubuhi ni msichana mdogo waliyemwita Kimya. Jina lilimkaa sawasawa. Miaka mitatu alipita madarasani hajajibu swali hata moja kwa sauti, na walimu walishamwandika kuwa mzito. Lakini kazi ya kusoma chupa ilimlazimu arudi darasani atamke namba moja, na namba moja kila siku si nyingi, hata kwa mtu mkimya. Mwaka ulipofika nusu alikuwa anatamka namba na maneno mawili matatu juu yake. Mwalimu alikuwa anayapokea maneno hayo kama mtu anayepokea yai mkononi.

Sasa, mwenyekiti wa wazazi alikuwa Baba Pacha, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na mapacha wake wote wawili walikuwa humo darasa la nne. Alikuwa mtu wa sauti kubwa na mkono uliokunjuka, ila alikariri jedwali la kuzidisha kwa fimbo, na hakuona kwa nini wanawe wakose raha hiyo. Alikwenda ofisini kwa mwalimu mkuu, akaketi bila kuambiwa.

"Mwalimu mkuu, wanangu wanahesabu mawingu. Jana nimemwambia mmoja anifungie mlango wa duka, akaniambia upepo unatoka kusini. Mimi nimemuuliza upepo?"

Mwalimu mkuu alikuwa mtu mpole aliyependa amani kuliko kitu chochote, na kwa sababu hiyo hakuipata. Akaamua hivi: siku ya wazazi, darasa la nne lioneshe kazi yake. Wazazi wakiridhika, sawa. Wasiporidhika, Bibi Mawingu arudi kwenye kitabu, na ile pembe ya uwanja yenye kipimamvua ijengwe sehemu ya kuegesha baiskeli.

"Nimekuelewa," Bibi Mawingu alisema alipoitwa na kuambiwa. Akatoka na uso mkavu. Moyoni aliwaza kitu kimoja tu: kipimamvua kikiondoka, Kimya atarudi kuwa kimya.

Basi wakaanza kuandaa chati kubwa ya mvua ya mwezi mzima, kwenye ubao wa maboksi, ili siku hiyo waisome mbele ya wazazi. Na mvua, kama vile imelipwa na Baba Pacha, ikagoma. Jua asubuhi, jua mchana. Vumbi likapanda mpaka kwenye kope. Kila siku Kimya alitoka, akachungulia, akarudi: "Sifuri." Wakaandika sifuri. Kesho yake sifuri. Chati ikawa kama mtu amepanga mayai.

Siku moja kabla ya wazazi kuja, mmoja wa mapacha alishindwa kuvumilia. "Mwalimu, wataona nini? Sifuri tupu? Baba atasema hatujafanya kitu."

"Sifuri nayo ni kipimo, mwanangu. Aliyepima akapata sifuri na aliyekaa tu nyumbani si watu sawa."

Waliitikia kwa vichwa, vile watoto wanavyoitikia wakiwa hawajakubali.

Jioni nyumbani Bibi Mawingu hakula vizuri. Mumewe alimtazama, akatazama sahani, akamtazama tena.

"Mwalimu wangu, hujatia kitu tumboni."

"Wataona sifuri ukutani, baba watoto. Sifuri mwanzo mpaka mwisho. Na yule mwenye duka atacheka mpaka vifungo vimtoke."

Mume alishika kishungi cha ndevu kidevuni, akakisokota. Kisha akainuka, akachukua kikombe chake cha bati, akasema bado kuna mwanga, ngoja akaangalie kile kiti cha chupa shuleni, mguu mmoja ulikuwa unacheza.

"Kikombe cha nini?"

"Nitasikia kiu njiani."

Asubuhi wazazi walikuja mapema. Madawati ya watoto yaliwabana, magoti yakawafika videvuni, wakawa wanacheka wenyewe kwa wenyewe. Baba Pacha alikaa mbele kabisa, kiatu kinang'aa. Fundi bati alikaa nyuma, karibu na mlango, kimfuko chake cha kazi miguuni. Mwalimu mkuu alisimama dirishani akiomba Mungu kila mtu afurahi.

"Tunaanza kama kila siku," mwalimu alisema. "Kipimo cha leo."

Kimya alitoka. Akakawia. Aliporudi alikuwa ameibeba chupa yenyewe, ameikumbatia kwa mikono miwili, na macho yamemtoka.

"Mwalimu," alisema, "milimita sitini na tatu."

Darasa lote lilitazama chini. Kwa pamoja, kama limevutwa kwa kamba.

"Vizuri sana!" mwalimu mkuu alisema. "Hatimaye mvua! Iandikeni!"

"Mvua gani?" Baba Pacha aligeuka kwenye dawati nalo likageuka naye. "Nimepiga kiatu rangi, nimekuja kwa miguu, angalia, hakina hata tone la tope! Mvua hiyo imenyesha ndani ya chupa peke yake?"

Vicheko. Mwalimu aliiangalia ile chupa, akaangalia vichwa vilivyoinama, na akaelewa kitu kimoja, ila si vyote. Angeweza kusema kuna mtu amechezea, akamwaga yale maji na kuandika sifuri, yakaisha. Mwalimu mkuu tayari alikuwa anamfanyia ishara hiyo kwa mkono. Lakini angeisema hiyo sifuri kwa sura gani, wakati hakuna aliyeipima? Akapiga moyo konde.

"Baba Pacha ameuliza swali zuri," alisema. "Darasa, mbingu haikutoa kitu. Haya yametoka wapi?"

Nzi alipita, kila mtu akamsikia. Halafu pacha wa kwanza akanyanyua mkono nusu.

"Mimi nilitia kidogo, mwalimu. Kifuniko kimoja tu. Ili usiondolewe mvua yako."

Pacha wa pili aliruka. "Na wewe pia? Mbona hukuniambia?"

"Na wewe hukuniambia!"

Mkono mwingine ukapanda, na mwingine, na mwingine. Kila mmoja alikuwa amekwenda peke yake baada ya kengele, kwa kunyata, na kila mmoja alidhani ni yeye tu duniani mwenye huruma. Mama mmoja aliyeketi katikati alijifuta macho kwa ncha ya nguo, haijulikani ni machozi au kicheko.

Mwalimu akafanya alichozoea kufanya. Akachukua chaki.

"Mikono ibaki juu. Kimya, hesabu."

"Thelathini."

"Kila mkono kifuniko kimoja."

"Mia moja na hamsini," darasa likaitika, na hakuna aliyeguswa na fimbo.

Kimya aliyamimina yale maji kwenye jagi la vipimo, taratibu, ulimi nje. Akainama mpaka jicho likawa sawa na mstari. "Mililita mia nne," alisema. Akasimama palepale akifikiri, na kabla ya kuulizwa, tena kwa sauti iliyofika mpaka dirishani, akasema, "Mwalimu, hazilingani. Mia mbili na hamsini hazina mwenyewe."

Hapo wazazi waliacha kucheka wakaegemea mbele.

"Labda umande," mtoto mmoja alisema.

"Umande wa kujaza sufuria?"

"Labda jua limefanya kitu."

"Jua linapunguza maji, haliongezi, we vipi?"

"Wengine wametia mara mbili!" Baba Pacha naye alidakia, amekwishasahau alikuja kufanya nini. "Waulize, wametia mara mbili!"

"Nani ametia mara mbili?" mwalimu aliuliza. Hakuna. Waliapa kwa mama zao, na mama zao walikuwa wameketi pale.

"Si kifuniko," Kimya alisema. "Ni chombo kikubwa. Kimetiwa mara moja. Kama kikombe."

Mwalimu aliweka chaki chini. Akageuza shingo polepole kuelekea nyuma ya darasa, ambako fundi bati alikuwa anachunguza dari kwa makini, kama anayetaka kuijenga upya.

"Baba watoto."

"Naam, mwalimu."

"Ule mguu wa kiti ulikuwa unacheza?"

"Ulikuwa... umetulia kabisa."

"Na kiu yako?"

Fundi aliinuka, dawati likainuka naye. Akafungua mfuko akatoa kikombe cha bati, akakipeleka mbele akiburuta miguu kama mtoto aliyeitwa ofisini. "Robo lita," alisema chini kwa chini. "Niliona huruma."

"Vikombe vyake ndivyo ninavyouza dukani!" Baba Pacha aliruka. "Robo lita kamili, havikosei hata tone! Mia mbili na hamsini! Toto limemkamata!" Akacheka mpaka kweli kifungo kimoja kikamtoka, kikaviringika chini ya meza. Darasa lilivunjika mbavu, fundi naye akicheka na masikio yamemwiva.

Kicheko kilipotulia, Baba Pacha aliwageukia wanawe, bado anajifuta macho. "Saba mara nane?"

"Hamsini na sita!" walijibu pamoja, kama vile wameulizwa majina yao.

"Hm," alisema. Akamtazama mwalimu mkuu. "Baiskeli zina shida gani pale zilipo?"

"Hazina shida," mwalimu mkuu alisema, na kwa mara ya kwanza mwaka ule alikaa chini.

Kwenye chati ya siku ile walibishana waandike nini, mpaka wakakubaliana maneno ya Kimya: *Mvua: sifuri. Huruma: mililita mia nne.*

Mvua yenyewe ilikuja wiki iliyofuata, kamvua kadogo kasikokuwa na haraka. Watoto walibanana dirishani, hakuna aliyethubutu hata kupumua karibu na chupa. Kimya alisoma: milimita tatu. Walishangilia kama wamepewa dunia. Baba Pacha aliposikia alisema, "Tatu tu? Kelele zote hizo?" Mapacha wakamkalisha, wakapima paa la duka lake, mita nane kwa tano, wakamwonesha kwamba kamvua kale kamemwaga juu yake lita mia moja na ishirini, zote zimepotelea mtaroni. Alikaa mlangoni mwa duka anatazama bati zake kwa uchungu. Jioni alikuwa karakanani anaagiza mifereji.

Fundi bado anapita shuleni kuangalia ule mguu wa kiti. Ila kuna sheria sasa, na watoto wanaisimamia bila mchezo: akifika getini, kikombe anakiacha kwa Kimya, na Kimya anakigeuza kwanza kifudifudi, kuhakikisha hakina kitu.